Dilman Dila na wenzake wa bunilizi za kisayansi

Dilman Dila, mwandishi na mtengeneza filamu wa Uganda, alizaliwa mwaka 1977 huko Tororo, mji ulio jirani na mpaka wa Kenya. Hadithi zake za mwanzo zilitoka kwenye gazeti la Sunday Vision mwaka 2001. Mwaka 2013 aliingia orodha fupi ya Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, na mwaka uliofuata mkusanyiko wake, A Killing in the Sun, ukachapishwa Afrika Kusini. Mkusanyiko mwingine, Where Rivers Go to Die wa mwaka 2023, ulimfikisha miongoni mwa wawaniaji wa Tuzo ya Philip K. Dick ya Marekani. Hakuipata, lakini kufika pale si jambo dogo kwa mtu wa Tororo.

Sayansi ya Dila haitoki maabara za ng'ambo. Katika How My Father Became a God, binti anasimulia habari za baba yake, mvumbuzi wa mitambo katika Afrika ya kabla ya wakoloni, huku kaka za binti huyo wakitaka kumwoza kwa faida yao. Mitambo na mahari vimo katika boma moja, wala hakuna kinachoshangaa kingine.

Malighafi ya namna hiyo ipo tele hata Endulen, kijiji cha Ngorongoro nchini Tanzania. Hapo jirani, Laetoli, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Wanasayansi wamezipima unyayo kwa unyayo. Mtunzi wa riwaya naye angekuwa na la kusema.

Kipaji peke yake, hata hivyo, hakimfikishi mtu mbali. Mwaka 2015 jarida la Jalada la Nairobi lilitoa toleo zima kuhusu Afrika ijayo. Mwaka 2016 kikaundwa chama cha waandishi wa Kiafrika wa bunilizi za kisayansi, Dila akiwamo. Wanachama wenyewe hupendekeza na kupigia kura tuzo za chama hicho, Tuzo za Nommo, na riwaya ya kwanza kushinda, mwaka 2017, ilikuwa Rosewater ya Tade Thompson. Mwandishi husomwa kwanza na wenzake wanaoijua kazi, ndipo mchapishaji wa mbali husikia jina lake.

Katama Mkangi hakuwa na kundi la aina hiyo. Mwanasosholojia huyu wa pwani ya Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 enzi za Rais Moi, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Anajifunza kukiendesha, anatua kwenye sayari ya watu walio sawa. Wahakiki waliisoma zaidi kama riwaya ya siasa, na hawakukosea, ila chombo kile cha angani kilistahili kuangaliwa zaidi. Mkangi alifariki mwaka 2004.

Kwa anayeandika Kiswahili leo, mlango mkubwa ni tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal. Muswada wa safari za angani hushindana humo na riwaya za mapenzi na za upelelezi.