Ukuta wa Mtaa Nao Ni Kazi, Mchoraji Alipwe



Wiki hizi mbili wengi wenu mmetuuliza jambo moja: yule dada mchora piko wa Ng'ambo, anayeonekana juu ya ngazi akichora ukuta wa skuli, sisi tunamwonaje? Tunamwona vizuri. Ila yanayosemwa barazani juu yake yametupa ya kusema na sisi.

Kwa wasiomjua, ni binti wa mtaa huu huu, na mabibi harusi wengi wa shehia wamepita mikononi mwake. Mnaujua mchoro wake: ua moja kubwa kiganjani, majani yakipanda mpaka kiwikoni, piko nje na hina ndani. Sasa kapewa ukuta mrefu unaotazama njia, ambao miaka yote ulikuwa pa kubandikia matangazo na kutupia taka. Nusu yake imekwisha. Kuna mikarafuu, mawimbi, na ile korosho ya kwenye kanga iliyokuzwa ikawa na urefu wa mtu mzima. Taka, kwa sasa, hazitupwi tena pale. Wapiga picha za harusi wameshaujua ukuta huo, na Ijumaa jioni hupati pa kupita.

Tuanze na suala la picha, kwa sababu ndilo linalowatia wengi wasiwasi, na ni wasiwasi wa haki. Kuchora viumbe wenye roho kumekatazwa katika Hadithi tunazozijua, na wanachuoni wamelieleza jambo hilo kwa urefu. Lakini katika Bukhari na Muslim imepokewa pia habari ya mtu aliyekuwa akila kwa kuchora picha, akamwendea Ibn Abbas, radhi za Allah zimshukie. Ibn Abbas alimwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Msikiti mkuu wa Damascus, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 8, ukuta wake umepambwa kwa vijiwe vya rangi vinavyoonyesha miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama hata mmoja. Dada yetu kachagua njia hiyo hiyo. Aliyemwomba aweke sura za watoto wa skuli alijibiwa kwa upole, akapewa mkarafuu.

Wengine walitaka aandike aya. Hapa tuko naye tena aliposita. Mwaka 2012 katika mji wa Gabès, Tunisia, msanii eL Seed, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wenye asili ya huko, aliandika aya ya 13 ya Suratul Hujurat kwenye mnara wa msikiti wa Jara, kwa ridhaa ya imamu wake. Ni kazi nzuri, nasi tungeipenda kwetu. Lakini mnara uko juu. Ukuta wa njiani unaegemewa na baiskeli, unarukiwa na matope wakati wa masika, na watoto wa kiume mnawajua wanavyofanya pembeni ya kuta. Maneno ya Mola yawekwe pale yatakapoheshimiwa.

Maneno ya kawaida ni jambo jingine. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mpango huo unakaa vizuri sana ukutani. Tunashauri tu jina lichaguliwe na watu wazima wenye akili. Ukuta wa skuli si mahali pa kumkomeshea mke mwenza.

Halafu kuna hili la "mtoto wa kike juu ya ngazi". Anavaa suruali pana, gauni refu juu yake, na mtandio kaufunga nyuma usiingie kwenye ndoo. Anaanza baada ya Alfajiri, anateremka jua likishakuwa kali, na mdogo wake ndiye anayeshika ngazi. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, nacho kilisemwa hivi hivi: wanawake majini, nguo zimerowa, waume wamekasirika. Leo nyumba ngapi kule zimeezekwa kwa pesa ya mwani? Hatuoni haja ya kulirefusha.

Linalotuuma ni malipo. Skuli ilinunua rangi. Kazi yake yeye, tangu siku ya kwanza, imeitwa thawabu. Akitaja ujira anaambiwa, "Lakini ni skuli ya mtaa wako, mwanangu. Utalipwa na Mungu." Wanaomwambia hivyo ni watu wema, na baadhi yao ni wale wale ambao binti zao walipoolewa walitoa kianzio mwezi mmoja kabla ili wasimkose. Piko la bibi harusi linafutika baada ya wiki mbili tatu, na hakuna aliyewahi kumwambia mchoraji atalipwa Akhera.

Tena ukuta ni mgumu kuliko mkono. Kuta zetu zinatoka chumvi. Ukipaka rangi juu ya chumvi, mvua ya kwanza tu inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kwa hiyo alikwangua, akapiga msasa, akaosha, akasubiri ukauke, akapaka undakoti, na ndipo akachukua chaki kupima maua yake. Siku zile zote wapita njia walidhani hajaanza kazi. Na kila asubuhi aliyokaa ukutani ni asubuhi aliyokataa mkono wa mtu. Ana mama wa kumtazama na ada ya mdogo wake wa kulipa.

Hadithi ya ujira na jasho tunaijua sote, tumeisoma chuoni tukiwa wadogo. Na masharti ya kuajiri katika fiqhi yetu ni mepesi kuelewa: kazi ijulikane na ujira ujulikane, mapema. Mtu akitaka kujitolea, ajitolee mwenyewe kwa ulimi wake, na hapo thawabu ni yake kamili. Kumtolea sadaka mtu mwingine kutoka mfukoni mwake, kisha tukaitana wema, ni ujanja. Tumelisema hilo kwenye kikao cha mtaa na tunalirudia hapa.

Na nyinyi mabibi harusi watarajiwa, tuna neno lenu pia. Mnapokwenda kupiga picha pale na mashoga zenu, mchangieni. Iwe hata bei ya soda kwa kila mmoja. Mkiziweka picha hizo mahali, mtajeni aliyechora, kama mnavyomtaja aliyewashonea gauni.

Kwa wale wa Mji Mkongwe waliotuuliza kama naye anaweza kuwachorea: msikurupuke. Mji ule umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta wa nje haupakwi bila ruhusa ya mamlaka inayouhifadhi. Isitoshe, nyinyi mna milango yenye minyororo, samaki na mayungiyungi yaliyochongwa, na baadhi ina mwaka wa Hijria juu yake. Tuachieni sisi wa Ng'ambo kuta zetu za matofali.

Ukuta wa pili unaozungumzwa sasa ni ule wa kwenye bomba la maji. Fundi kaambiwa azibe kwanza mfereji wa paa unaomwaga maji juu yake, maana bila hivyo hata ukichorwa na nani haufiki mwaka. Kikundi cha akina mama kimeanza kuchanga, bei imeandikwa kwenye daftari, na nusu atapewa kabla ndoo haijafunguliwa. Kwa tarehe itabidi tumsubiri yeye: harusi za Mfungo Mosi zimeshajaa.