Nyota Nzito na Kisingizio cha Unga

Jamani, kuna msemo umenichosha. Kila ukitaja utafiti wa nyota hapa Kenya, lazima mtu akwambie, "Hayo tuwaachie matajiri, sisi tutafute unga kwanza." Leo nasema wazi: hicho ni kisingizio, tena cha kitoto.

Chukueni nyota iitwayo Zeta Puppis. Ni nzito kuliko jua letu mara nyingi, na joto la uso wake ni kama digrii 40,000. Jua halifiki hata 6,000. Mwangaza wake hupanda na kushuka kidogo mno. Ukiupima kutoka ardhini, hewa inautikisa na mchana unakukatiza hesabu. Ni lazima upimwe kutoka angani, miezi mfululizo.

Waliofanya hivyo walitumia nini? Setilaiti za BRITE, za Austria, Poland na Kanada, zilizoanza kurushwa mwaka wa 2013. Kila moja ni kisanduku cha sentimita 20 kila upande, kilo 7 hivi, chenye darubini ya sentimita 3. Pakiti nne za unga za kilo mbili zinaishinda kwa uzito! Mwaka wa 2017 watafiti wakatangaza kwamba mabadiliko ya Zeta Puppis yanayojirudia kila siku 1.78 yanatokana na madoa angavu yanayozunguka pamoja na nyota yenyewe.

Mwaka wa 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisanduku cha sentimita 10, ilifika angani. Visanduku si uchawi kwetu.

Na hata bila setilaiti, vipimo vya darubini ya TESS ya NASA, iliyorushwa 2018, viko mtandaoni, bure. Kazi iliyobaki ni yetu sisi waandishi wa programu: kutenganisha mdundo wa nyota na kelele. Ni hesabu za Fourier zile zile tulizokariri chuoni tukazisahau baada ya mtihani. Laptopu ya kawaida inatosha.

Midundo hiyo hufichua yaliyomo ndani ya nyota, na hayo ndiyo yanayochangia kuamua itakufa vipi, na kama itaacha shimo jeusi. Oksijeni nyingi tunayovuta ilipikwa ndani ya nyota nzito. Halafu mnasema si mambo yetu?

Programu za mikopo tumeandika za kutosha. Pakua faili moja usiku wa leo, kisha uje uniambie umetumia pesa gani zaidi ya bando.