Mgonjwa wa Mapafu ni wa Daktari Gani?

Mtu aliyehema kwa shida miaka nenda miaka rudi hupata jibu kulingana na mlango anaoubisha. Tabibu wa kituo cha afya asiye na spirometa, mashine ya kupima pumzi, humpima TB, na majibu yakitoka hasi humwandikia antibiotiki na dawa ya kikohozi. Bingwa wa mapafu humpulizisha kwenye mashine hiyo, humpa dawa ya kutanua njia za hewa, kisha humpulizisha tena. Njia zikifunguka vizuri, huenda ni pumu. Zikibaki zimebana, huenda ni ugonjwa sugu wa kuziba mapafu.

Basi wote wapelekwe kwa bingwa?

Nchini Kanada, Shawn Aaron na wenzake walilipima swali hilo. Walihoji kwa simu zaidi ya watu 38,000, wakapata 595 wenye pumu au ugonjwa sugu wa kuziba mapafu ambao hawakuwahi kuambiwa kuwa wanaumwa. Kati yao 508 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilitibiwa na bingwa pamoja na mwalimu wa afya ya mapafu, na lingine likabaki kwa madaktari wa kawaida. Matokeo ya 2024 yalionyesha kuwa kwa mwaka kila mgonjwa wa bingwa alitafuta matibabu ya kifua mara 0.53 kwa wastani, dhidi ya 1.12 kwa mgonjwa wa kundi lingine.

Ni pengo kubwa, lakini si la bingwa peke yake. Wagonjwa wa madaktari wa kawaida nao walipata nafuu, na madaktari hao walikuwa wamekabidhiwa majibu ya kipimo. Upande wa bingwa ulikuwa na mtu wa kumfundisha mgonjwa kutumia pampu ya kuvuta dawa, maana ikitumiwa vibaya dawa huishia kinywani na kooni. Kazi hiyo muuguzi aliyefunzwa anaiweza.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapohusika. Utafiti uliofanywa Masindi, Uganda, mwaka 2012 ulikuta ugonjwa sugu wa kuziba mapafu kwa watu wapatao 16 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30, katika jamii inayopikia kuni. Wilaya nzima haiwezi kupanga foleni kwa mabingwa wachache wa mjini. Fedha zianze kununua spirometa za hospitali za wilaya, pampu zisizokatika dukani, na mafunzo ya matabibu na wauguzi. Bingwa apelekewe ambao dawa hazijawasaidia, wanaohitaji oksijeni nyumbani, na wale ambao TB iliwaachia makovu mapafuni.