Futeni hayo masharti yenu ya saa!

Jamani, nimechoka. Wiki hii nimekabidhiwa msimbo wa kusoma tofauti ya saa, ile inayoandikwa mwishoni mwa tarehe kuonyesha saa za mahali zimepishana kiasi gani na UTC. Sharti la kwanza linasoma +03:00. La pili, +0300. La tatu, +03. La nne, herufi Z, yaani UTC yenyewe. Kisha tofauti za kutoa nazo zikapewa masharti yake! Kila aliyepita hapo aliongeza lake akaenda zake.

Ukiuliza, utajibiwa: "Lakini kuna miundo mingi." Miundo gani? Barua pepe huandika +0300. RFC 3339 ya mwaka 2002 inataka +03:00. ISO 8601 inaruhusu hata +03. Zote ni saa za hapa kwetu Kenya! Kilichobadilika ni nguo tu, mwenye kuivaa ni yule yule: alama, saa, dakika.

Na msidhani nalalamikia urembo. Newfoundland, kule Kanada, hutumia -03:30 wakati wa baridi. Msimbo wetu ulisoma saa kuwa -3 na dakika kuwa 30, ukazijumlisha: -180 na 30, jibu dakika -150. Jibu sahihi ni -210. Saa nzima imepotea! Mteja wa huko akiomba apigiwe saa nne asubuhi, sisi Nairobi tunampigia saa tisa unusu alasiri badala ya saa kumi unusu. Kwake ni saa tatu, pengine bado yuko njiani.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kwetu dakika ni 00 daima. India (+05:30) na Nepal (+05:45) zilipita salama kwa kuwa ni za kujumlisha. Kosa lilijificha kwenye sharti ambalo hakuna aliyelijaribu.

Dawa ni hii. Z ichukulie kama sifuri. Vinginevyo tumia ruwaza moja: alama, tarakimu mbili za saa, kisha dakika mbili zikiwepo, ziwe na nukta pacha mbele au zisiwe nayo. Geuza yote kuwa dakika, na alama uiweke mwisho kabisa, mara moja. Saa zikizidi 23 au dakika 59, kataa.

Na yule anayetaka tuongeze sharti la "IST"? Ni India, Israeli au Ireland? Kataa pia, tena kwa sauti. Afadhali programu igome kuliko ikisie.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sharti moja moja nalo hujaza kibaba, cha makosa. Mimi yangu nimeyafuta leo asubuhi. Ninyi mnangoja nini?