Orange Bowl 63–3: Nani Alimsusa Mwenzake?

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongee michezo. Sio kandanda letu, bali futiboli ya Wamarekani, ule mpira wenye umbo la yai ambao watu wanaukumbatia huku wamevaa kofia ngumu. Lakini msikimbie, maana humo ndani siasa zimejaa tele, tena siasa za mshiko.

Tarehe 30 Desemba 2023, kwenye uwanja wa Hard Rock, Miami Gardens, timu ya Chuo Kikuu cha Georgia iliichapa Florida State pointi 63 kwa 3. Hadi mapumziko ilikuwa tayari 42–3. Katika historia ya mechi za bowl hakuna timu iliyowahi kupigwa kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Na lawama zote zikawashukia wachezaji wa Florida State waliosusa mechi: eti wasaliti, wamewaacha wenzao wachinjwe. Mimi naona lawama zimefika mlango usio wao.

Kwa wasiojua, bowl ni mechi ya ziada ambayo timu ya chuo hualikwa kucheza msimu unapoisha, kati ya Desemba na Januari. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902, Michigan wakaifunga Stanford 49–0. Lengo lilikuwa kuvuta watu kwenye sherehe za mji. Jina lenyewe lilikuja baadaye, pale Pasadena ilipojenga uwanja wenye umbo la bakuli, Rose Bowl. Orange Bowl ya Miami ikafuata mwaka 1935. Yaani tangu mwanzo hii ilikuwa biashara: mji unapata wageni, hoteli zinajaa, na siku hizi televisheni na wadhamini wanavuna. Mchezaji je? Kwa miaka mingi alipata ufadhili wa masomo, zawadi ndogo ndogo na heshima. Basi.

Sasa turudi 2023. Florida State walicheza mechi 13 wakashinda zote 13, wakawa mabingwa wa ligi yao ya ACC. Wakati huo mashindano ya kumtafuta bingwa wa taifa yalikuwa na nafasi nne tu, na waliokuwa wakizigawa ni kamati ya watu 13. Bahati mbaya, tarehe 18 Novemba mrushaji wao mkuu wa mpira, Jordan Travis, alivunjika mguu. Kitumbua kikaingia mchanga. Timu ilishinda fainali ya ligi 16–6 ikiwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, kwenye nafasi hiyo. Lakini tarehe 3 Desemba kamati ikasema timu hii bila Travis si ile ile, na nafasi ya nne ikapewa Alabama waliokuwa wamefungwa mechi moja. Haikuwahi kutokea bingwa wa mojawapo ya ligi tano kubwa, asiyefungwa hata mechi moja, kuachwa nje. Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone kuwa timu ile haikuwa mtu mmoja. Hebu fikiria maneno hayo yanatoka kwa kijana aliyelala na mguu uliovunjika!

Kesho yake, tarehe 4 Desemba, likafunguliwa dirisha la wachezaji kuhama vyuo. Umeona mpangilio huo? Leo unaambiwa ushindi wako hauhesabiki, kesho mlango wa kutokea uko wazi, halafu baada ya wiki nne unatakiwa uingie uwanjani kwa ajili ya heshima. Zaidi ya wachezaji 20 hawakucheza. Wengine walihama, wengine walikuwa wanajiandaa kwenda NFL.

Na hao wa NFL hesabu yao inaeleweka. Tarehe 1 Januari 2016 Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia vibaya goti kwenye Fiesta Bowl. Alikuwa akitajwa miongoni mwa vijana wa juu kabisa, lakini akaja kuchaguliwa wa 34, na tofauti hiyo ni mamilioni ya dola. Desemba ya mwaka huo huo Leonard Fournette na Christian McCaffrey wakakataa kucheza bowl, wakatukanwa sana. Mwaka 2017 NFL iliwachukua wa 4 na wa 8. Vijana wakaona, wakajifunza.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona Georgia nao waliachwa nje na bado wakaja na wengi wao? Swali zuri. Kwanza, hata kwao wapo waliokosekana, akiwemo Brock Bowers. Pili, Georgia walifungwa uwanjani na Alabama, 27–24. Ukifungwa uwanjani unauma meno, unarudi kazini. Florida State walifungwa kwenye chumba cha mkutano. Maumivu hayo hayafanani.

Walioumia kweli ni waliobaki. Kijana Glenn na wenzake walisukumwa mbele ya kikosi kilichokuwa bingwa mwaka 2021 na 2022. Hata kocha wa Georgia, Kirby Smart, alisema baada ya mechi kwamba jambo hili linahitaji kurekebishwa, na yeye ndiye aliyekuwa ameshinda!

Je, limerekebishwa? Nusu. Kuanzia msimu wa 2024 nafasi zimekuwa 12. Dirisha la kuhama limesogezwa hadi Januari. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Lakini Desemba 2025 Notre Dame walipokosa nafasi kati ya hizo 12, chuo kizima kilikataa kwenda bowl. Hapo si mchezaji tena aliyesusa, ni mwajiri!

Kwa maoni yangu, kama bowl ni biashara, basi mwenye mechi akae mezani na wachezaji: mkataba, bima ya majeraha na malipo ya mechi hiyo hiyo. Asiyetaka kulipa asihubiri uaminifu. Heshima ya upande mmoja hailishi mtu.

Nyie mnaonaje? Wale vijana walikosea, au walifanya ambacho yeyote kati yetu angefanya? Karibuni tujadili, ila matusi wekeni nyumbani.