Baiskeli Ambayo Hakuwa Nayo

Muhula uliopita tuliendesha mazoezi ya kuzungumza Kiingereza kwa kufuata mtindo wa IELTS, mtihani ulioanza mwaka 1989 na ambao baadhi ya wanachuo wetu wanatarajia kuufanya watakapoomba masomo ya ng'ambo. Mazungumzo na mtahini huchukua dakika 11 hadi 14, na sehemu ya kwanza huhusu mambo ya kawaida ya maisha. Kwa hiyo tulianza na swali tulilolidhania kuwa jepesi: "Did you have a bicycle when you were a child?"

Mwanachuo mmoja, binti mwenye bidii, alijibu papo hapo kwamba alikuwa nayo, tena nyekundu, na kwamba kuendesha baiskeli kuna faida nyingi kwa afya na mazingira. Sentensi zake zilikuwa safi. Tulipomwuliza ni nani aliyemfundisha kuiendesha, alinyamaza. Tulipomwuliza kama aliwahi kuanguka, alisema "Yes", akanyamaza tena. Baadaye alitueleza kuwa nyumbani kwao hapakuwa na baiskeli ila ya baba, na wasichana hawakuruhusiwa kuigusa. Jibu lile alilikariri kutoka katika karatasi ya majibu ya mfano. Yatupasa kukiri kwamba karatasi hiyo tuliiandika sisi wenyewe.

Mtahini hatafuti baiskeli. Hupima mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maelezo, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna alama inayotolewa kwa kuwa na utoto wa kitabuni. "No" ni jibu halali kabisa, maadamu lifuatwe na maelezo. Na maelezo ya kweli hayaishi upesi, kwa sababu msemaji ameyaona kwa macho yake.

Tulimwomba binti yule aanze upya. Alisema polepole kwamba kila Jumamosi alikaa kwenye keria, akishikilia gunia la mahindi, baba akiendesha kuelekea mashineni. Mama aliogopa kwamba mguu wake ungenaswa na njiti za gurudumu. Siku moja gunia lilichanika njiani. Alizungumza karibu dakika mbili, na hakutaja mazingira hata mara moja.

Makosa yalikuwamo, na hayo ndiyo yaliyotufaa. Alisema "I climbed my father's bicycle", kwa kuwa kwetu baiskeli hupandwa kama mti upandwavyo. Kiingereza hutaka "got on" kwa tendo la kupanda na "rode" kwa kuendesha. Alisema "I was sitting on the carrier every Saturday", akifuata "nilikuwa nikikaa". Lakini Kiingereza hutenga mazoea ya zamani na tendo lililokuwa likiendelea kwa wakati mmoja, na mazoea hayo husemwa "I used to sit". Mama yake aliitwa "he", kosa ambalo halishangazi, kwani kiambishi chetu cha "a-" hakibagui mwanamke na mwanamume. Katika matamshi aliweka mkazo katikati ya neno "bicycle", kama tufanyavyo katika "baiskeli". Mkazo hukaa mwanzoni. Hatukumkatiza hata mara moja. Tuliandika makosa matatu au manne, tukamrudia alipomaliza, naye akasimulia tena.

Wenzetu wengine husema kwamba mwanafunzi dhaifu asipokariri atabaki bubu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Vipande kama "when I was about seven", "I used to" na "one day" vyafaa kukaririwa hata vikae mdomoni vyenyewe. Tunachokikataa ni kukariri jibu zima, kwa sababu swali la pili la mtahini hulivunja.

Ninyi mtakaokwenda kufundisha shule za msingi mtakutana na jambo hili mapema zaidi. Kitabu kitakuwa na picha ya mtoto na baiskeli yake, na darasani mtakuwa na watoto wengi ambao hawajawahi kuwa nayo. Mkiuliza "What colour is your bicycle?" mtawafundisha ama kunyamaza ama kusema uongo kwa Kiingereza. Ulizeni badala yake ni nani aendeshaye baiskeli katika familia au kijijini, hubeba nini, na humpakia nani. Mtoto aliyewahi kuisukuma baiskeli ya mjomba yenye pancha, kilometa nzima juani, ana habari ya kutosha kipindi kizima. Yule ambaye hakuigusa kabisa anaweza kueleza alivyokwenda shuleni kwa miguu, na alipita na nani.

Karatasi yetu ya majibu ya mfano tumeiondoa. Mahali pake tumeweka maswali matupu, na nafasi pana chini ya kila swali.