Weird West: Bila Shahidi Hakuna Kosa

Makamanda, leo naweka Katiba pembeni kidogo (nitairudia, mnanijua) niwaletee gemu. Wiki iliyopita kwenye grupu kuna kamanda alisema vijana wa chama wanaokaa kwenye magemu wanapoteza muda wa mapambano. Sikumjibu pale pale kwa sababu jibu langu ni refu, na admini wetu ana masharti yake kuhusu meseji ndefu.

Gemu linaitwa Weird West. Lilitoka Machi 31, 2022, limetengenezwa na WolfEye Studios, kampuni ya Raphaël Colantonio, yule Mfaransa aliyeanzisha Arkane, watu waliotuletea Dishonored. Kwenye vibanda vya Mabatini na Igoma hulikuti. Huko ni mpira asubuhi mpaka usiku, labda na GTA kidogo. Mimi nalicheza kwenye laptopu, usiku, bando likiwa la bei nafuu na mafaili ya kesi yakiwa yamefungwa.

Ni gemu la kikauboi lililochanganywa na uchawi. Farasi wapo, bastola zipo, baa za mbao zipo, sherifu yupo na nyota yake kifuani. Halafu katikati ya hayo kuna wachawi, wafu wanaotembea, genge la viumbe wanaokula watu, na binadamu wanaogeuka mbwa mwitu. Unatazama kila kitu kutokea juu, kama umesimama kilimani Bugando unaangalia mji chini. Unacheza wahusika watano, mmoja baada ya mwingine, na dunia ni ile ile: ulichokiharibu ukiwa mtu wa kwanza, mtu wa tatu anakikuta kimeharibika.

Mhusika wa kwanza ni Jane Bell. Zamani alikuwa anasaka wahalifu kwa malipo, akaacha, akaolewa, akawa mkulima. Gemu linapoanza tu, genge limevamia shamba lake. Mtoto ameuawa, mume amebebwa. Yaani dakika tano za kwanza za gemu ni utekaji. Jane anarudi kwenye bunduki zake na kuanza kufuatilia.

Msomaji wa Marekani hapo anaona mwanzo wa sinema ya kikauboi kama zote. Sisi tunaona kitu kingine. Tuna majina. Ben Saanane tangu Novemba 2016. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, tangu Novemba 2017 kule Kibiti. Ndiyo maana nilikaa na gemu hili kwa umakini ambao sikuutarajia.

Sasa nije kwenye kitu ambacho gemu hili limekifanya vizuri kuliko jingine lolote nililocheza: shahidi. Ukiiba au ukiua, gemu halikuadhibu kwa kuwa umetenda. Linauliza kwanza, nani kaona? Akiwepo mtu aliyeona, jina lako linaharibika, na ukizidi unatangaziwa donge nono kama jambazi yeyote. Hakuna aliyeona? Hakuna kosa. Unachukua koleo, unafukia maiti, unaendelea na safari, na mji mzima unakusalimia kama mtu mwema.

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaanza kuona adabu yake ya kutisha, kwa sababu gemu linakufundisha kufikiri kama mhalifu anavyofikiri. Unaingia kwenye nyumba ya mtu na unaanza kuhesabu madirisha. Unamwona mama anapita na ndoo, na swali linalokujia kichwani ni kama ameona. Na ukishakosea mbele ya watu, njia rahisi kuliko zote ni kuwamaliza wote walioona. Darasani tunafundishwa kwamba Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi, mmoja mwenye kuaminika anatosha. Nilikuwa naisoma kama kanuni ya mtihani. Baada ya Weird West naisoma kama bei ya roho ya mtu: huyo mmoja ndiye anayemsumbua muuaji.

Lakini hapo hapo ndipo gemu linapotudanganya, na ndipo ugomvi wangu nalo unapoanzia. Kwenye Weird West, akiwepo shahidi mambo yanajiendesha yenyewe. Jina linachafuka, watu wanakugeuka, wasakaji wanakuja. Sasa kumbukeni Septemba 6, 2024. Mzee Ali Mohamed Kibao alishushwa kwenye basi Tegeta, abiria wakiona kwa macho yao. Basi zima la mashahidi! Mwili wake ukapatikana Ununio. Rais akaagiza uchunguzi. Kwa kanuni za gemu hili, bango lenye sura za wahusika lingekuwa limebandikwa kabla basi halijafika Tanga. Watengenezaji walifikiri tatizo gumu la haki ni kuona. Kwetu watu wanaona. Kazi iko kwenye safari ndefu kati ya jicho la abiria na kizimba cha mahakama: nani ataandika maelezo yako, nani atakulinda ukishayatoa, jalada litalala kwenye meza ya nani.

Na kizimba chenyewe gemu halina. Nimezunguka miji yake karibu yote, nimekuta baa, benki, duka la dawa, jela, makaburi. Hakimu sijakutana naye. Sherifu ndiye anayekamata, ndiye anayelipa donge nono, na bango lake linasema hai au maiti, yaani ushahidi umeshamalizwa na karatasi ya ukutani. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu (nilisema nitairudia) inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Jane Bell asingeweza kufanya kazi yake hata siku moja chini ya hiyo ibara.

Kuna mtu atasema, dada, ni gemu, acha kulibebesha Katiba. Sawa. Ila gemu hili lenyewe linajisifu kwamba unaweza kufanya chochote, nami nimelipima kwa sifa yake. Unaweza kumuua sherifu. Huwezi kumshtaki. Sisi hapa Mwanza tunajua kwamba hilo la pili linawezekana. Novemba 2015 Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa CHADEMA mkoa wa Geita, aliuawa kikatili, na polisi wakazuia asiagwe Mwanza. Familia ilikwenda Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, na Mahakama ikasema aagwe. Mimi wakati ule nilikuwa bado mtoto wa shule, na nawaambia wanaoniuliza kwa nini nasoma sheria wakati "sheria haifanyi kazi": siku ile ilifanya, kwa mtu aliyekwishakufa, dhidi ya wenye bunduki.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kanda ya Ziwa atalikuta humu na kutabasamu. Hawa wanaojiita magharibi pori, sisi tumeshaishi hivyo. Baada ya Vita vya Kagera bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukashamiri, polisi wakawa mbali, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma wakaunda sungusungu. Pinde na mishale, filimbi, yowe likipigwa kijiji kizima kinatoka. Ilifika mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo na kuwatambua, wakapewa uwezo wa kukamata. Waulizeni wazee wenu wa Magu au Kwimba, watawasimulia mpaka mchoke.

Sungusungu walikuwa na kitu ambacho Weird West imekikaribia ikakikosa. Gemu lina sifa ya mtu, inapanda na kushuka kama salio la simu. Lakini kwa Wasukuma jina la mtu halikuwa namba, lilikuwa mkutano. Unaitwa, unaulizwa, unajitetea, unatozwa ng'ombe, na ukikaidi unatengwa: hakuna kukuazima moto, hakuna kuja msibani kwako. Adhabu ile iliuma kuliko fimbo. Ingekuwa gemu zuri mno! Badala yake ukiharibu jina humu unafanya vijikazi viwili vitatu vya wema, unafungua mateka mmoja, namba inapanda, umesafishika. Hakuna anayekuuliza kitu.

Sungusungu nao siwapambi. Walipiga, wengine waliua, na wapo waliofikishwa mahakamani kwa hayo. Na wapo waliowageukia bibi zetu. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndicho kitu kilichonifanya nisilisifie gemu hili kwa moyo wote.

Kwenye Weird West uchawi upo kweli. Ukiambiwa yule ni mchawi, kuna uwezekano mkubwa ni mchawi, na risasi inamaliza shauri. Huko kwao ni hadithi ya kujifurahisha. Kwetu, watu wanaojua hadithi za Gamboshi na za wachawi kupanda fisi usiku, hadithi hiyo ina makaburi. Bibi macho yamekuwa mekundu kwa kupikia samadi ya ng'ombe miaka arobaini, mtoto wa jirani anaumwa, mganga anapiga ramli, na usiku panga linafuata. Wenzetu wenye ualbino waliwindwa kanda hii hii, hasa kati ya 2007 na 2009, kwa sababu mtu alimwambia mtu kwamba kiungo kinaleta dhahabu au samaki. Mkoloni alitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928 na bado tunayo, Sura ya 18, na mpaka leo ni sheria ya ajabu kuisoma: inataka mahakama ishughulike na kitu ambacho hakuna anayejua kitathibitishwaje. Gemu linaruka ugumu wote huo. Sijawahi kukutana humo na mzee anayesingiziwa, ambaye nikimuua nagundua hakuwa na lolote. Wangeweka mmoja tu, gemu zima lingebadilika.

Sehemu ambayo walifanya kazi kwa uangalifu ni ya Across Rivers, mhusika wa tatu, mlinzi wa watu wa asili wa nchi ile. Sinema za kikauboi tulizokua nazo ziliwafanya hawa watu kuwa shabaha ya risasi. Humu sehemu yao ilifanywa kwa kushirikiana na mwandishi wa Kianishinaabe, na inaonekana: adui anayefuatiliwa ni roho ya uroho, inayoingia ndani ya mtu anayetaka zaidi na zaidi na hashibi. Kuna watu wa madini huko Geita wangeielewa bila tafsiri.

Kiufundi nitasema kwa haraka. Mapigano ni vurugu. Unajirusha pembeni huku muda umepungua kasi, unapiga pipa la mafuta, moto unashika nyasi, mvua ikinyesha unazima, umeme ukigusa maji wote mnakufa pamoja na farasi wako. Inafurahisha. Ila kulenga kunasumbua, kamera inajificha nyuma ya paa wakati unaihitaji, kunyata ni kubahatisha, na ukifika mhusika wa nne utaona mapango na mashamba ni yale yale yamepakwa rangi. Mfuko unajaa takataka kila baada ya dakika kumi. Uzuri mmoja kwa mazingira yetu: unasevu popote, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi sana.

Bei lilitoka kwa dola 40, ambayo kwa mwanafunzi ni habari nyingine kabisa. Subirini punguzo. Na kama mna hela ya gemu moja tu, sitawalaumu mkichukua Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambalo limejengwa juu ya hadithi za Kibantu. Lile halina sherifu wala bango. Lina kijana anayemlilia baba yake aliyefariki, na litawatoa machozi.

Weird West lakini lina kitu kimoja ambacho bado nakifikiria hata nikiwa kwenye daladala ya Nyegezi. Wanakiita rafiki wa maisha. Ukimfungua mtu kamba, au ukampa dawa mgonjwa njiani, unaweza kumsahau kabisa. Kisha siku umezingirwa, damu imekuishia, anatokea kutoka pembeni na bunduki yake kuukuu na kuanza kupigana upande wako. Aliyetoroka ulipomuulia ndugu zake naye anaweza kutokea hivyo hivyo, upande wa pili. Mimi nilitokewa na wote wawili kwenye pambano moja, na nilishindwa kukumbuka yupi ni yupi mpaka aliponipiga risasi.

Kamanda wa grupu, karibu ujibu. Kwa kifupi lakini, admini anaangalia.